Kufuta si kutoa: jina lililokataa kuondoka simuni

Likizo iliyopita nilikwenda Isiolo kumjulia hali shangazi yangu, ambaye amekuwa mkazi wa Bulla Pesa tangu alipoolewa. Baada ya chai ya maziwa ya ngamia na maulizo ya kawaida kuhusu watoto, mvua na bei ya mbuzi, alichomoa mkobani simu ya kisasa, ile ya kugusa kioo, akanikabidhi na kusema: "Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma. Nitolee huyu."

Huyu alikuwa mumewe, ambaye tulimzika miaka mitatu iliyopita.

Marehemu alikuwa dereva wa malori ya mifugo. Jina lake lilikuwa lingali simuni kama mkewe alivyoliandika siku za simu ndogo za tochi, zile tuziitazo mulika mwizi: Baba Watoto. Lakini kando ya jina hilo palikuwa na picha ya kijana ambaye hakuna aliyemjua nyumbani humo, amevaa miwani ya jua, ameegemea pikipiki. Kila shangazi alipotafuta nambari ya jirani, au ya mwanamke anayeshirikiana naye katika biashara ya maziwa yanayopelekwa Eastleigh, ilimlazimu apite juu ya jina lile na sura ile. Siku moja kidole kiliteleza, simu ikapiga. Aliyepokea alikuwa kijana wa picha. Alisikiliza, akaelewa upesi, akasema kwa adabu: "Pole sana, mama. Hii laini nilinunua tu dukani."

Msomaji asidhani kwamba kijana yule alitenda kosa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurejea mikononi mwa kampuni ya simu, na nambari yake hatimaye huuzwa kwa mteja mwingine, kwa kuwa nambari zina hesabu na wateja hawaishi kuongezeka. Aliyekufa hawezi kuitetea nambari yake. Kijana aliinunua kwa halali, akajisajili nayo katika WhatsApp, akaweka picha yake. Simu ya mjane, ambayo haijui kifo ni nini, ikaichukua picha hiyo na kuibandika juu ya jina la marehemu.

"Nilimwambia mjukuu wangu afute," shangazi akaendelea. "Akafuta mbele ya macho yangu. Baada ya siku mbili, amerudi. Akafuta tena, akarudi tena. Eda nilikaa, nikaimaliza. Mtu huzikwa mara moja, mwanangu, lakini simu hii inanizikisha kila wiki."

Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa simu, na nakiri kwamba jambo la kwanza lililonishika pale lilikuwa ni kitenzi. Simu ile ilikuwa imewekwa katika lugha ya Kiswahili, na kwa kazi hii ilikuwa na neno moja tu: Futa. Shangazi hakusema "nifutie". Alisema "nitolee". Nilidhani mwanzoni kwamba ni mazoea ya usemi wa nyumbani, nikapuuza. Kabla ya siku mbili kwisha nilikuwa nimetambua kwamba kikongwe yule asiyepata kuingia darasani alikuwa ameteua neno sahihi kuliko wataalamu walioitafsiri simu yake.

Futa ni kitenzi cha juu ya uso. Tunafuta vumbi mezani, tunafuta machozi, tunafuta ubao. Kinachoondoka ni alama, na uso wenyewe hubaki. Toa ni kitenzi kinachodai mahali: ukiniambia kwamba umetoa kitu, sharti nikuulize umekitoa wapi, na usipoweza kunijibu, basi hujakitoa. Walimu wenzangu watanielewa kwa mfano wa darasani. Kipindi kikiisha, mwalimu hufuta ubao mpaka ukawa mweusi tii, lakini somo halijatoweka. Limo katika madaftari arobaini, na mwanafunzi yeyote anaweza kuitwa mbele akalinakili tena neno kwa neno. Kioo cha simu ni ubao. Majina tunayoyaona juu yake yamenakiliwa kutoka katika madaftari yaliyo kwingine, na jina linalorudi baada ya kufutwa linarudi kwa sababu daftari lake halijaguswa. Kwa hiyo, swali la kumuuliza mtu anayelalamika kwamba jina fulani halifutiki si "umebonyeza wapi?" bali "jina hilo linakaa wapi?"

Kwa upande wa shangazi, jina lilikuwa linakaa mahali patatu.

Mahali pa kwanza palikuwa ni laini yenyewe, ile kadi ndogo. (Hapa naomba ruhusa ya kuwasahihisha wanafunzi wangu, ambao kila mwaka huniandikia kwamba neno simu limetokana na jina la Kiingereza la kadi hiyo. La hasha. Simu ni neno lililotujia kutoka Kiajemi, na asili yake ni waya. Tulikuwa tukipiga simu kwa Kiswahili miongo mingi kabla ya kadi ya kwanza ya aina hiyo kutengenezwa mwaka 1991. Kufanana kwa maneno hayo mawili ni sadfa tu, ingawa ni sadfa ya kupendeza.) Kadi hiyo ina kumbukumbu finyu. Aghalabu hubeba majina 250 hivi, kila jina likiwa fupi na lenye nambari yake, basi: hakuna picha, hakuna anwani, hakuna siku ya kuzaliwa. Mtu anapohama kutoka mulika mwizi kwenda simu ya kisasa huku akitumia laini ileile, majina hayo huhama naye ndani ya kadi bila kuulizwa. Simu mpya huyasoma na kuyaonyesha pamoja na mengine, lakini simu nyingine huyaonyesha tu pasipo kukubali yabadilishwe au yaondolewe. Hapo ndipo mtumiaji anapotafuta lile neno Futa na asilione kabisa.

Tiba ya hali hiyo ni ya kizamani. Zima simu, ichomoe laini, itie katika mulika mwizi, ulifute jina humo, kisha uirejeshe. Simu ndogo zilizaliwa wakati ambapo laini ndiyo iliyokuwa daftari la majina, na bado zinaiheshimu.

Ndani ya laini pana pia nambari ambazo mteja hakuziandika: za huduma kwa wateja na mambo mengine ya kampuni. Hizo ziko katika sehemu ya kumbukumbu iliyofungwa. Mteja anaruhusiwa kuisoma, haruhusiwi kuigusa, wala mulika mwizi hautamsaidia. Baadhi ya simu zina mahali katika mipangilio pa kuzificha zisionekane, na hilo ndilo la pekee linalowezekana. Nimewaona wanafunzi wakipoteza alasiri nzima wakipambana na nambari moja ya namna hiyo.

Mahali pa pili palikuwa ni katika programu ya ujumbe. Haya si mambo ya WhatsApp peke yake. Programu nyingi za aina hiyo, zikiingia simuni, hujiandikia rekodi zao kando ya majina yako, ili ukigusa jina uone kwamba mtu huyo anaweza kufikiwa kwa njia yao pia. Katika simu za Android, jina moja ulionalo kwenye kioo ni mkusanyiko wa rekodi kadhaa ghafi zilizoletwa na vyanzo mbalimbali na kufungwa pamoja kama kuni. Ukisema "futa", rekodi zile ambazo simu ina mamlaka juu yake huondoka, na zile zilizo mali ya programu nyingine hubaki. Jambo la kufurahisha kwa mtu wa lugha ni kwamba simu zenyewe zimepata kulikiri hili. Kwa miaka mingi, mtumiaji wa Android aliyejaribu kuondoa jina la namna hiyo alionywa kwa maandishi kwamba habari zinazotoka katika akaunti zisizoruhusu kuhaririwa zitafichwa tu kwenye orodha, hazitafutwa. Onyo hilo lilikuwa la kweli, ila lilikuwa limewekwa mahali ambapo hakuna anayesoma, huku juu ya kitufe pakiwa pameandikwa neno lisilo la kweli.

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi hapa. Tuna kuficha, kutenga, kuondoa, kuhamisha, kutoa, kung'oa. Ningekuwa nimeshauriwa, ningesema kila kitufe kipewe kitenzi cha kazi yake halisi. Nakumbuka pia kwamba jina lenyewe la programu hiyo katika simu zetu ni Anwani, kana kwamba kilichohifadhiwa humo ni mahali pa kupelekea barua. Lakini shangazi hakusema "nitolee hii". Alisema "nitolee huyu".

Mahali pa tatu ndipo palipokuwa na kisa chenyewe.

Nilipofungua mipangilio kutafuta akaunti inayohifadhi majina ya simu ile, niliona barua pepe ambayo haikuwa ya shangazi. Angekuwaje nayo? Mwanawe alipomnunulia simu, miezi michache kabla ya kwenda Doha kutafuta riziki, alikuta kwamba simu haiendi mbali bila akaunti ya Google, naye akaingiza ya kwake ili amalize kazi upesi. Nadhani nusu ya wazee wetu wamefunguliwa simu kwa njia hiyo. Ni huduma ya mapenzi, na mwana anayeitoa hatambui kwamba tangu saa hiyo yeye na mzazi wake wanaandika katika daftari moja. Jina linaloongezwa Bulla Pesa linaonekana Doha. Jina linalofutwa Bulla Pesa linafutika Doha.

Nilimpigia usiku ule. Saa ya Qatar na saa yetu ni moja, kwa hiyo sikumkatizia usingizi. Nilipomweleza kwamba mamaye anataka jina la marehemu litoke simuni, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kumbe ni nyinyi?"

Yeye alikuwa na mazungumzo ya miaka mingi na babaye katika WhatsApp, na ndani ya mazungumzo hayo mlikuwa na sauti za baba mwenyewe: akimwagiza sukari, akimuuliza kama amekula, akimsimulia jinsi lori lilivyokwama Merille na wakalala njiani. Kijana alikuwa akizisikiliza. Asubuhi moja alifungua simu na kukuta kwamba juu ya mazungumzo yale hapakuwa tena na jina la baba, bali tarakimu tupu. Hakujua kilichotokea. Alidhani simu yake imeharibika. Akatafuta, akagundua kwamba Google huyaweka majina yaliyofutwa katika kapu la taka kwa siku 30 kabla ya kuyaondoa moja kwa moja, akalirejesha jina la babaye. Baada ya siku chache likapotea tena, naye akalirejesha tena.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mama na mwana, kilomita maelfu kati yao, walikuwa wakivutana juu ya jina la maiti mmoja bila kujuana. Mmoja alilifuta kwa sababu alimpenda, na mwingine akalirudisha kwa sababu hiyohiyo. Simu haikumwambia yeyote kati yao kwamba upande wa pili pana mtu. Nami, ambaye nilikuwa nimekuja na mhadhara mzima kichwani juu ya kitenzi futa, nilikaa kimya uani chini ya mwarobaini na kumshukuru Mungu kwamba sikubonyeza chochote kabla ya kuuliza.

Jirani mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekuja kuzungumza kama ilivyo desturi ya mtaa ule jua likishatua. Alisikiliza kisa chote, akasema kwamba yeye tatizo lake ni kinyume: hataki kumtoa mtu simuni mwake, anataka yeye mwenyewe atolewe katika simu ya watu asiowajua. Mwenzake kazini alikuwa amechukua mkopo mdogo kwa njia ya simu, akachelewa kulipa, na kampuni ya kukopesha ikaanza kuwapigia watu wote waliokuwa katika orodha ya majina yake. Mwalimu huyu alipigiwa akiwa darasani, mbele ya watoto, akaambiwa amhimize mwenzake alipe. Hakuwa mdhamini. Hakuwahi kuiona kampuni hiyo. Kosa lake lilikuwa ni kuandikwa katika simu ya rafiki.

Hapa suala linatoka katika ufundi na kuingia katika haki, na walimu na wanafunzi wanafaa kulijua kwa kina. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya habari za familia yake na mambo yake ya binafsi kutodaiwa wala kufichuliwa pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imekwenda mbele zaidi: sehemu yake ya 40 inamruhusu mtu kumtaka anayehifadhi habari zake azisahihishe, na katika hali zilizotajwa humo, azifute au aziharibu. Tena Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinazohusu wakopeshaji wa kidijitali ziliwakataza wakopeshaji kuingia katika orodha ya majina ya mteja ili kuwatumia watu hao ujumbe anapochelewa kulipa. Mwaka 2023, kuanzia mwisho wa Mei, Google nayo ilizizuia programu za mikopo zilizo katika duka lake kuyafikia majina ya simuni. Septemba mwaka huohuo, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa watu wengine.

Nilimweleza mwalimu hayo yote. Alifurahi, kisha akauliza swali ambalo mwanasheria angelipenda: "Na huyo rafiki yangu, naweza kumlazimisha anifute?" Hawezi. Sheria hiyohiyo inasema, katika sehemu ya 51, kwamba haimhusu mtu anayehifadhi habari kwa matumizi yake binafsi au ya nyumbani tu. Rafiki ana haki ya kukuandika, na mkopeshaji hana haki ya kukusoma humo. Mpaka huo ni mwema, naukubali, lakini ni mwembamba sana, kwa kuwa ni rafiki huyohuyo anayebonyeza "kubali" programu mpya inapoomba ruhusa ya kuyaona majina yake. Anaposema kubali, anasema kwa niaba yetu sote tulioandikwa humo: shangazi zake, walimu wake, muuza maji wake. Ningependa swali hilo lijadiliwe katika madarasa ya kidato cha tatu na cha nne, ambako wanafunzi wana simu hata pale ambapo hawaruhusiwi kuwa nazo.

Asubuhi ya pili nilianza kazi. Maadamu daftari lilikuwa la mwana, kulifuta jina lingekuwa ni kumnyang'anya mwana. Lililotakiwa ni kumwondoa mama katika daftari lile na kumfungulia la kwake. Akaunti ikiondolewa kwenye simu, majina yake yote huondoka katika simu hiyo, lakini hayafutiki kule yanakokaa. Mwana angebaki na kila kitu. Tofauti ya kufuta na kutoa, niliyokuwa nikiitafuta katika kamusi, ilikuwa hapo katika mipangilio ya simu.

Ila kabla ya kuondoa akaunti, ilinibidi niyaokoe majina ambayo shangazi alikuwa akiyahitaji, nisije nikamwacha na simu tupu. Hili nawasihi wasomaji wasilisahau, hasa wale wanaoshauriwa na vijana wa mitaani kwamba wafute data yote ya programu ya majina ili tatizo liishe. Tatizo huisha kweli, na majina yasiyokuwa na nakala popote huisha nalo. Kwanza yatoe majina katika faili moja, ambalo simu yoyote ya siku hizi ina njia ya kulitengeneza, ulihifadhi mahali salama, ndipo uguse kitu kingine.

Tuliketi, nikamsomea jina mojamoja naye akaamua. Kazi hiyo ilichukua saa mbili, na kwangu ilikuwa saa mbili za isimu kuliko mihadhara yangu mingi. Waborana huwapa watoto wao majina ya wakati na tukio: Guyo aliyezaliwa mchana, Halkano wa usiku, Galgalo wa jioni, Roba wa mvua, Jillo wa siku ya sherehe. Saa na mvua ni za watu wote, kwa hiyo majina hayo yamejaa Isiolo. Simu haiwezi kuvumilia akina Guyo saba, basi shangazi alikuwa amempa kila mmoja jina la pili la kwake: Guyo Mafuta, Guyo Lori, Guyo Kulamawe, Guyo Mguu. Jina la babaye mtu, ambalo ndilo linalomtambulisha kwa jadi, lilikuwa limeachia nafasi kazi yake, mtaa wake au kilema chake. Wanawake walikuwa ni Mama fulani na Mama fulani. Mumewe hakuwa na jina kabisa. Alikuwa Baba Watoto, kwa kuwa mke wa rika lake halitamki jina la mume ovyo, na kumbe hata kidole chake kilikataa kuliandika.

Nilipofungua akaunti mpya, Google ilitaka siku yake ya kuzaliwa. Alinipa kitambulisho. Tarehe 1 Januari, kama wazee wengi wa kaskazini ambao karani hakuwa na muda wa kuwauliza walizaliwa majira gani.

Kulikuwa na marehemu wengine katika orodha. Nilipofika kwa wa kwanza nilisita, nikamtazama. "Mwache," akasema. Wa pili, "mwache". Wa tatu alikuwa dadaye. "Mwache, huyo hana picha ya mtu." Kilichomsumbua hakikuwa kifo, bali ile sura ngeni iliyokalia jina.

Mwishowe niliichomoa laini, nikaomba mulika mwizi wa mjukuu, nikalitoa jina humo. Nikairejesha laini, nikaondoa akaunti ya mwana, nikaingiza majina yaliyochaguliwa katika akaunti mpya, nikaifungua WhatsApp ijisomee upya. Nikatafuta Baba Watoto. Hakuwapo.

Shangazi aliichukua simu akaitazama kwa muda mrefu, akiipandisha orodha na kuishusha. Kisha, pasipo kuombwa, akaitaja nambari ile yote kwa moyo, tarakimu kumi, taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba ufunguo ungali mfukoni.

"Na kule Doha," akaniuliza, "yupo?"

Nikapiga. Mwana alipokea akiwa kazini, nyuma yake pana kelele za mitambo. Nikamuuliza. Akaniambia nisubiri, akaangalia.

"Yupo," akasema.

Nikamwambia shangazi kwamba yupo. Akaitia simu mkobani, akauchukua mtungi wake wa maziwa, akatoka, kwa maana gari la Nairobi halimngoji mtu.